Ukiona kijani kwenye shimo la mgodi usishangilie haraka

Tangu ule mgodi wa titanium wa Kwale uzime mitambo Desemba 2024, baraza yoyote utakayokaa huku kusini mwa Pwani lazima ifike saa watu waanze kuongea ile ardhi. Wengine wanataka walime, wengine wanataka warudishiwe mashamba ya babu zao, wengine wanataka kiwanda vijana wapate kazi, na hakosi mmoja wa kusema "si wapande miti tu iwe kama Haller Park, kwani shida iko wapi". Kisha wananigeukia mimi kwa vile nauza miche, haya wewe wa miti sema. Nami nikianza kusema wanachoka kabla sijafika katikati, kwa hivyo naona niandike hapa, atakaesoma asome.

Haller Park, ile bustani ya miti na wanyama pale Bamburi Mombasa, naipenda sana, sina ubaya nayo. Lakini watu wanaikumbuka nusu. Wanakumbuka twiga na viboko na kile kisa cha Owen na Mzee, katoto ka kiboko kalikosombwa na maji ya Sabaki kakaokolewa baharini wakati wa tsunami ya 2004, kakaletwa Bamburi kakamganda kobe mzee kama mamake mzazi. Kisa kitamu, hata watoto wa Ulaya wanakijua. Ila kabla ya kobe na kiboko pale palikua timbo. Kiwanda cha simiti cha Bamburi kilianza kuzalisha 1954, kikachimba mawe ya matumbawe ya kale miaka nenda miaka rudi, kikaacha uwanda mweupe wa mawe matupu, jua la saa sita likipiga pale huwezi kufungua macho, udongo hakuna hata wa kufukia mbegu ya mchicha, na ukichimba chini kidogo tu unakutana na maji ya chumvichumvi. Sasa 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswizi ambae alikua kaajiriwa na kiwanda tangu 1959, akaanza kujaribu miti. Alijaribu aina 26. Zilizopona ni tatu, yaani mnazi, ule mti wa Kisomali wanaouita damas, na mvinje.

Mvinje sote tunaujua, ndo boriti hizo zinazojenga nusu ya Pwani, mtu akiwa na kashamba ka mchanga usiofaa mahindi anapanda mvinje anangoja miaka kadhaa anauza. Wengi hawajui kwamba mizizi ya mvinje inakaa na bakteria wanaoitwa Frankia ambao wanaivuta naitrojeni kutoka hewani wanaulisha mti, na kule Bamburi miche ya mwanzo ilikua inadumaa mpaka walipoiletea udongo wa chini ya mivinje mizee, wenye hao bakteria, ndo ikaamka. Kwa hivyo hata huo mti sugu tunaousifu haukuota peke yake, uliletewa wenzake.

Alafu ikaja shida nyingine. Ule mti unamwaga majani yake membamba mwaka mzima, yakajaa chini zulia zima, na hayaozi, manake yana tanini nyingi mno, ule ukali wa kukausha mdomo kama wa chai nzito, wadudu wa kawaida hawayataki. Miti ipo, majani yapo, udongo hamna. Aliewatoa pale ni jongoo. Yule mweusi mwenye miguu myekundu, watoto wanamwita treni, unamgusa anajikunja mviringo. Haller alimwona akila yale majani, akawaambia watu wake wamkusanye wamwachie ndani ya mivinje, na jongoo akafanya kazi ambayo hakuna mashine ingeifanya. Nenda mwenyewe baada ya mvua, uchuchumae chini ya mvinje mzee, ufunue majani kwa vidole. Juu utaona makavu, rangi ya hudhurungi, mazima. Chini yake vipande vipande vilivyotafunwa. Chini zaidi utakuta vidonge vidogo vyeusi, vikavu, ukivifikicha vinakua unga na havinuki kitu. Hicho ni kinyesi cha jongoo, na ndo udongo wa Haller Park ulivyoanza. Mimi kila nikisikia sifa za pale nasema picha ya Owen na Mzee sawa, lakini pale langoni palifaa kuwekwa na jongoo wa sanamu. 1987 Umoja wa Mataifa walimpa Haller tuzo yao ya mazingira ya Global 500, na alistahili.

Sasa hapa ndo watu wanapoacha kusikiliza, nami ndo nilipokua nataka kufika. Shimo kujaa mivinje sio msitu. Ni shamba la mivinje ndani ya shimo. Mvinje ni mti wa kupenda jua, chini ya kivuli chake hata watoto wake hawaoti vizuri, na hauzai tunda la kumwita popo wala hondohondo. Ukiuacha peke yake unazeeka, unaanguka, na chini yake hamna wa kurithi. Kilichoifanya Bamburi iwe Bamburi ni hatua ya pili, ambayo haina picha nzuri, kupunguza mivinje pole pole na kuingiza miti mingine kwenye ule udongo wa jongoo, mivule, miti ya matunda ya ndege, vichaka, kamba za kutambaa, mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka. Miaka hamsini na ushee na bado kazi inaendelea. Ukiambiwa "tutapanda iwe kama Haller" muulize anayekwambia, kama Haller ya mwaka gani?

Na kuna jambo lingine halisemwi sana kuhusu hayo machimbo ya Mombasa. Mathenge mnaujua? Ule mti wa miba uliokula malisho ya Baringo na Tana River na kaskazini kote? Kumbukumbu ya kwanza iliyoandikwa ya kuingia kwake Kenya ni 1973, mbegu zilitolewa Brazil na Hawaii zikaletwa kurudishia machimbo karibu na Mombasa hapa. Lengo lilikua zuri tu, walitafuta mti unaovumilia chumvi na ukame. Miaka ya themanini mwanzoni ukapelekwa Baringo kwa nia nzuri vile vile, na mnajua yaliyofuata, mbuzi wanakula zile maganda tamu meno yanaoza yanang'oka, mpaka jamii ya Ilchamus ikaenda mahakamani ikampeleka na mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Ndo maana mimi mtu akiniambia "tafuta mti wowote unaokua haraka tufunike pale" nywele zinanisimama. Mti wowote unaokua haraka mahali pabaya ndo huo huo utakaokua haraka zaidi mahali pazuri. Mkilifi wetu huu, mwarobaini, dawa ya kila kitu, si wa hapa, umetoka Bara Hindi, na leo ingia kwenye misitu ya Pwani uone ulivyojipenyeza, mpaka ndani ya makaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda.

Wenzetu Marekani nao walijikwaa kwa njia yao. Kule milima ya Appalachia, Kentucky na West Virginia, walikua wakichimba makaa ya mawe kwa kupasua mlima na kuuacha hivyo hivyo, mpaka 1977 serikali ikaweka sheria kwamba ukichimba lazima urudishe ardhi. Sheria nzuri. Sasa kampuni zikafanya nini, zikaleta mabuldoza zikashindilia udongo mpaka ukawa mgumu kama simiti ili usiporomoke, juu wakamwaga nyasi za kigeni zinazoota haraka, mkaguzi akija anaona kijani, anapiga sahihi, wanarudishiwa dhamana yao, ile pesa waliyoweka kabla ya kuchimba, wanaondoka. Miaka ishirini baadae pale pale bado ni nyasi. Mti hauwezi kupitisha mzizi kwenye udongo ulioshindiliwa, na mche ukijitahidi nyasi zinaunyima maji na jua. Misitu iliyokatwa ilikua na aina za miti chungu nzima, ikarudi nyasi. Ilibidi 2004 wataalamu na maofisa wakae upya, wakasema hapana, mwageni udongo mzuri kina cha kama mita moja na robo, msiushindilie, uacheni na mabonde na vichuguu, yaani ukae shaghalabaghala, nyasi ziwe za aina isiyobishana na miti, mpande miti ya aina mbili, ya kuwahi na ya kudumu. Na kwenye zile sehemu za zamani zilizoshindiliwa wakapeleka trekta lenye jino refu la chuma kupasua upya. Kazi iliyofanywa mara ya kwanza kwa pesa, inatenguliwa kwa pesa nyingine.

Nilivyosoma habari hizo nikajisemea, kwa hivyo sheria inaweza kukulazimisha uweke kijani na bado usipate msitu.

Turudi Kwale. Ule mgodi haukua wa mawe kama Bamburi, ulikua wa mchanga. Ile milima yetu ya mchanga mwekundu ilikua na madini mazito ndani, ilmenite, rutile na zircon, mchanga ukichotwa unachanganywa na maji unapelekwa kiwandani kwa bomba, madini mazito yanachujwa yanapelekwa Likoni melini, meli ya kwanza ilikua mwanzoni mwa 2014, na sehemu kubwa iliyobaki inarudishwa shimoni. Mtu atasema basi si mchanga ni ule ule umerudi? Si ule ule. Umeoshwa. Ule utelezi wa mfinyanzi uliokua unaushika maji na rutuba umetengwa kando, kilichobaki ni machicha, tui lishakamuliwa. Ukimwagia maji yanapita moja kwa moja, jua likitoka unaunguza nyayo. Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kuurudishia mfinyanzi wake, alafu juu kabisa uweke ule udongo wa juu uliokwanguliwa kabla ya kuchimba.

Na huo udongo wa juu ndo roho ya maneno yote haya. Sentimita kama kumi za juu, hata pungufu, ndo zenye mbegu zilizolala, kuvu wa mizizi, bakteria, vijidudu, mayai ya jongoo, kila kitu. Ukizichota pamoja na udongo wa chini mita nzima umezizika. Ukizilundika mlima ukaziacha miaka, ndani ya lundo hakuna hewa, mbegu zinaoza, kuvu wanakufa, unakuja kutandaza uchafu mwekundu unadhani unatandaza udongo. Australia Magharibi, kule Perth walikotoka wale waliokua na mgodi wetu, kuna kampuni ya Alcoa inachimba bauxite, mawe ya kutengenezea aluminiamu, ndani ya msitu wa jarrah, mti mkubwa wa kule, tangu 1963. Mwanzoni nao walipanda misonobari na mikaratusi ya kutoka upande wa pili wa nchi, ikawa kijani, mwisho wakaona haifai, na tangu 1988 miti mikubwa wanarudisha jarrah na mwenzake marri tu, ya pale pale. Lakini kilichowapa utofauti wa mimea si miti mikubwa, ni kuukwangua ule udongo wa juu peke yake na kuupeleka moja kwa moja kwenye shimo lililomaliza kuchimbwa, bila kuulaza kwenye lundo. Wanapasua sakafu ya shimo kwa jino la chuma ndani zaidi ya mita, wanatandaza udongo mbichi, na mbegu nyingine wanazitibu kwa moshi. Ndio, moshi! Kule misitu imezoea moto, mbegu zinangoja dalili ya moto ndo ziamke, na 2004 wanasayansi wa huko huko wakaijua ile kemikali iliyomo ndani ya moshi inayoziamsha. Kuna mimea ambayo hata kwa mbegu haikubali, hiyo inaoteshwa maabara kutoka kipande cha mmea wenyewe. Hata hivyo wapo wanaosema msitu uliorudi haujafanana na uliokatwa, na wanazo hoja, msitu wa miaka mia kadhaa haurudi kwa miaka thelathini.

Sasa sisi moshi huenda hautuhusu, misitu ya Pwani si ya kuungua kila mara, lakini funzo la udongo linatuhusu kabisa. Ukitaka kujua shimo litakua msitu au litakua nyasi na lantana, kile kichaka cha kigeni cha miba, usitazame miche iliyopangwa mstari siku ya mgeni rasmi, uliza udongo wa juu ulilala wapi na ulilala muda gani.

Jingine ni mbegu zinatoka wapi. Pwani tuna bahati na tuna msiba. Bahati ni kwamba jirani na ule mgodi kuna msitu wa Gongoni na Buda, na kuna makaya ya Wadigo kama Kinondo, yale makaya ya Mijikenda UNESCO waliyaingiza kwenye urithi wa dunia 2008. Ndani ya misitu hiyo kuna mimea haipatikani popote duniani ila ukanda huu, Gongoni kuna mti unaitwa Gigasiphon macrosiphon, maua meupe makubwa ajabu, umebaki sehemu za kuhesabu Kenya na Tanzania basi. Kwa hivyo mbegu zipo. Msiba ni kwamba misitu yenyewe ni vipande, hapa kipande, pale kipande, katikati mashamba na barabara na ploti. Tumbili na mbega wanavuka wanavyojua wenyewe, popo na hondohondo wanaruka, lakini mbegu nzito haiendi popote. Ndege hatui kwenye mchanga mtupu, anatua kwenye mti, anakunya, mbegu inaota. Kwa hivyo mimi ningeanza na mikuyu na mitini, hata kama hainunuliki mbao, manake tini likiiva wanakuja wote, na kila mmoja anakuja na mzigo wake tumboni. Mgodi ulikua na kitalu kikubwa cha miti ya kiasili, hilo lazima tuwape haki yao, wachimbaji wengi hawajawahi hata kufikiria.

Mbegu nzito zenyewe ndo za kutafuta kwa miguu. Chukua mbambakofi. Ganda lake gumu kama ubao, nene, likikauka linapasuka, ndani zimepangwa mbegu nyeusi za kung'aa, kila moja imevaa kofia nyekundu. Nzuri mpaka watu wanazitunga shanga. Panya anakuja kwa ajili ya ile kofia, kwa hivyo ukichelewa unakuta mbegu zimegugunwa au hazipo. Ukizipata mbichi ukazipanda kwenye viriba vikubwa zinaota vizuri tu, shina linatoka nene tangu siku ya kwanza. Sasa mche wa mbambakofi na mche wa mvinje ukiviweka kando kwa kando kitaluni, mteja anachukua mvinje. Kila siku. Simlaumu, yeye anataka boriti, mbambakofi atavuna mjukuu. Ila na wafadhili nao wanakuja na hesabu hiyo hiyo, wanataka miche mingi, bei ndogo, na mwisho wa mwaka waandike asilimia ngapi imepona, basi unawauzia unachojua kitapona, mvinje na mkilifi, ripoti inakua safi kabisa. Ningekua mimi ndo naandika hizo fomu, ningeongeza kisanduku kimoja tu, aina ngapi, na kingine chini yake, ngapi kati ya hizo zinaota porini umbali wa kutembea kutoka hapo.

Najua hoja ya upande wa pili, tena ni ya haki. Mtu aliehamishwa shamba lake lenye minazi na mikorosho ukimwambia leo pale pataoteshwa msitu wa kumfurahisha popo, atakutazama tu. Na mimi sisemi ardhi yote iwe msitu. Pale pa kulima pajulikane, na kulima kwenyewe kwenye mchanga uliooshwa kunataka mboji na samadi na kunde za kutosha, isije mtu akagawiwa eka ya machicha akaambiwa mahindi hayo. Lakini kingo za mito, mabonde ya maji, na kamba nyembamba ya kuunganisha Gongoni na Buda na vichaka vilivyobaki, hapo pawe pa miti ya pale pale, iliyochanganyika, na pasiwe pa muda tu. Wazee wa kaya waitwe wakae mezani, si kuja kupiga picha tu, manake wao ndo wanajua mti gani ulikua upande gani wa kilima kabla ya kilima kuondoka.

Kwa sasa mimi natafuta mbegu za mvule. Mvule una dume na una jike, dume hazai, na mijike mingi mikubwa imeshakua milango na vitanda, kwa hivyo unaweza kuzunguka kijiji kizima uonyeshwe mivule minne na isizae hata mmoja. Tena popo wanalila lile tunda kabla hujafika, inabidi uweke neti au uwahi alfajiri uokote yaliyoanguka, uyaoshe kwenye ndoo, mbegu zenyewe ndogo kama ufuta mdogo. Na kwenye kivuli kidogo unazipandia, tena zichanganye na miti mingine, manake mivule ukiipanda peke yake mstari mmoja juani kuna kidudu kinaingia majani machanga yanavimba mapovu na ncha inakufa. Kwa hivyo alieko Msambweni, Lunga Lunga, Shimba Hills, hata Kilifi, akijua mvule mkubwa unaodondosha matunda aniandikie hapa chini, nitakuja mwenyewe na ngazi. Ila tafadhali hakikisha kwanza ni jike.